Sauti ya Élisa Ndani ya Maji

Saa nane mchana, siku ya tisa tangu warudi Kamina bila Élisa, Kapinga alisikia harufu ya ziwa jikoni mwake.

Alikuwa akichagua maharage. Juu ya mbabula, jiko lake la makaa, hapakuwa na kitu ila sufuria tupu, makaa yenyewe hayajashika moto, na samaki hakuwa ameingia nyumba ile tangu mwezi wa saba. Nje kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Vumbi jekundu lilikuwa limelala hata juu ya majani ya mihogo, na ziwa lilikuwa mbali, safari ya treni kisha ya mashua. Lakini harufu ilikuwa ile ile: mafunjo yaliyooza, tope, magamba. Akaifuata mpaka kwenye pipa la maji lililokaa nyuma ya mlango.

Akainua kifuniko. Maji yalikuwa yakitikisika. Hakuna aliyeyachota tangu asubuhi, lakini viduara vidogo vilikuwa vikitoka katikati na kwenda ukingoni, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama kwamba chini kule kuna mtu anapumua.

Akafunika. Ndipo aliposikia, chini ya bati lile, kikohozi kidogo, kikavu, cha mara mbili. Élisa alikuwa akikohoa hivyo kila asubuhi ya baridi. Mara mbili tu, kisha anavuta kamasi.

Pipa likavuta kamasi.

Kapinga akaketi sakafuni, maharage yakamwagika yote.

Wazo la safari lilikuwa la kwake. Yeye na mumewe Ferdinand walifanya kazi shule moja, sekondari ya Wamethodisti: Ferdinand mwalimu wa jiografia, yeye karani. Watoto walikuwa wawili, Élisa wa miaka minane na Jéthro wa mitano. Jioni moja ya mwezi wa sita walikuwa wamebanana wote wanne kwenye simu yake, wakitazama familia za nchi za mbali zilizokwenda kupumzika baharini kwa meli nyeupe, ndefu kwenda juu kama majengo, zenye mabwawa ya kuogelea ghorofani na watoto wanaokula barafu tamu wakiwa na miwani ya jua. Élisa alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, shiye hatuwezi kupanda bateau siku moya?"

Ferdinand alicheka, akaenda kuleta ramani yake ya darasani, akaitandaza juu ya meza. "Bale bantu ba mu simu bako na bahari," alisema. "Shiye tuko na ziwa Kisale. Angalia. Tunapanda treni mpaka Bukama. Pale tunapanda mashua, tunafuata muto Lualaba, tunalala mu mashua, tunaamka mu mashua, mpaka Kinkondja."

"Na tutaogelea?"

"Utaona viboko kwanza, ndiyo uniambie kama unataka kuogelea."

Shule ilipofunga wakaondoka. Treni ilipita Luena, na watoto wakahesabu vilima vyeusi vya makaa ya mawe vya zamani. Bukama wakapanda mashua kubwa ya mbao yenye paa la turubai, iliyojaa magunia ya unga, baiskeli, kuku na watu. Haikuwa nyeupe wala haikuwa na ghorofa, lakini Kapinga hakukumbuka kuwahi kuiona familia yake ina furaha kama siku mbili zile. Élisa aliandika majina ya ndege kwenye daftari lake, na wale asiowajua aliwabatiza mwenyewe. Jéthro alilala mchana kutwa kwenye mapaja ya watu asiowafahamu. Wanawake wa mashuani waliwapikia bukari, ugali wa kwao, na samaki waliovuliwa siku hiyo, na Ferdinand alifundisha jiografia kwa kila aliyekaa karibu, apende asipende.

Siku ya tatu waliingia Kisale. Hapo mafunjo yanajishika pamoja na kuwa visiwa, na visiwa vinatembea. Watu wamejenga vibanda juu yake, wanapika, wanakausha samaki, na asubuhi wanaamka mahali pengine. Mwanamke mmoja alisogeza mtumbwi wake ubavuni mwa mashua kuuza samaki wa moshi. Alipowaona watoto wameinama ukingoni aliacha kuuza.

"Batoto," aliwaambia, bila kucheka, "mukisikia jina yenu inatoka ku mafunjo, musiitike. Hata kuangalia, musiangalie."

Watu walicheka. Kapinga pia alicheka.

Saa sita mchana injini ilizimika, mafunjo yameizonga. Ferdinand alikwenda mbele kusaidia wanaume kukata. Jua lilikuwa kali, maji yametulia, na Kapinga, watoto wake wawili wakiwa wamemwegemea magotini, alifumba macho. Alisema atafumba kidogo tu. Kilichomwamsha hakikuwa kishindo kikubwa. Kilikuwa kama mtu ametupa kiatu majini. Jéthro alikuwa amekaa chini karibu na magunia, mkavu, mdomo wazi. Élisa hakuwapo.

Wavuvi walimtafuta siku tatu kwa mitumbwi, kwa nyavu, kwa miti mirefu. Hawakupata hata kiatu. Siku ya nne walisema wamechoka, na mzee wao akamshika Ferdinand mkono akalia pamoja naye. Basi wakarudi Kamina watu watatu.

Tangu hapo Jéthro hakuzungumza juu ya siku ile. Ukimuuliza, alijiziba masikio. Majirani walikuja na mikeka tayari kwa kilio, Kapinga akawarudisha mlangoni. "Siwezi kulilia muntu mwenye sikumuona amekufa," alisema. Ferdinand hakumuuliza mkewe kwa nini alilala. Kapinga hakumuuliza mumewe kwa nini alikwenda mbele. Maswali hayo mawili yalilala nao kitandani, katikati yao, na kila mmoja aligeukia ukuta wake.

Kesho yake baada ya kile kikohozi, Kapinga alingoja Ferdinand atoke. Siku hizo Ferdinand alitoka kila siku kwenda shuleni, ingawa shule ilikuwa imefungwa. Jéthro alikuwa uani na gari lake la mabati. Kapinga akaingia jikoni, akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya pipa.

"Ni nani?" alinong'ona.

"Mama."

Alijishika mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, minasikia baridi."

"Élisa?"

"Njo minyi, mama. Ni minyi, mutoto yako."

"Uko wapi, mutoto wangu? Uko wapi?"

"Hapa. Mu mayi. Kuko giza, na kuko baridi."

Mtu mwingine angekimbia. Labda hata Kapinga, kama sauti ile ingekuwa ya mtu mwingine, angekimbia mpaka barabarani akipiga kelele. Lakini alikitupa kifuniko, akatumbukiza mikono mpaka makwapani, akapapasa ndani ya maji, huku na huku, chini, pembeni, uso wake umelala juu ya maji na pua imejaa ile harufu ya tope, na hakushika kitu ila kitako cha pipa. Akapapasa tena. Kisha akawasha mbabula, akachemsha sufuria mbili, akazimimina ndani polepole ili mtoto apate joto. Maji yakashusha pumzi.

"Merci, mama," yalisema.

Ndivyo ilivyoanza. Mwanzoni alimjaribu. Alimuuliza jina alilompa kuku wao mweupe, akamwambia. Alimuuliza aligombana na nani darasani siku ya kufunga shule, akamwambia, na sababu yake pia, sababu ambayo Kapinga mwenyewe hakuwa akiijua mpaka alipokwenda kuuliza kwa mama wa yule mtoto mwingine. Baada ya hapo aliacha kujaribu. Aligundua kwamba sauti haikuwa ya pipa peke yake: maji yoyote yaliyotulia yaliibeba. Akanunua mabeseni. Akaazima bidoni, madumu ya plastiki. Alikwenda kisimani mara nne, mara tano kwa siku, mpaka viganja vikatoka malengelenge, na wanawake waliompisha kwenye foleni walidhani anafua huzuni yake. Jikoni pakajaa, chumbani pakajaa. Alikuwa akikaa katikati ya vyombo vile, akimsimulia mtoto wake habari za mtaa, akimwimbia, na kila beseni likimwitikia kwa sauti ile ile moja.

Nyumba nayo ikabadilika. Kiangazi kile kuta za wengine zilipasuka kwa ukavu. Za kwake zilitoa jasho, na ukungu wa kijani ukapanda kutoka sakafuni mpaka kwenye picha ya harusi. Unga ukavunda. Mashuka yakawa na unyevu ambao jua halikuweza kuutoa.

"Hii arufu ni ya nini?" Ferdinand aliuliza siku moja, kijiko kimesimama mkononi.

"Ni samaki ya majirani."

Alimtazama mkewe, akatazama mabeseni. Kisha akala. Alikuwa mtu aliyechoka, na aliogopa jibu lolote ambalo lingekuwa refu.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi wa nane, Kapinga alipoamka jua lilikuwa limeshaingia dirishani, naye akaona nyayo sakafuni. Nyayo ndogo, za maji, zenye vidole vitano kila mmoja. Zilitoka jikoni, zikapita mbele ya mlango wake bila kugeuka, zikaingia chumba cha watoto, zikakoma ubavuni mwa kitanda cha Jéthro. Pale zilikuwa nyingi, mmoja juu ya mwingine, kama za mtu aliyesimama muda mrefu akibadilisha mguu. Hakukuwa na nyayo za kurudi.

Hapo kwa mara ya kwanza aliogopa. Na pamoja na hofu ile alivua kitenge chake, akapiga magoti, akazifuta zote, haraka, kabla mumewe hajaamka.

Siku hiyo hiyo sauti ilisema, "Mama, minabaki peke yangu. Lete Jéthro."

"Jéthro angali mudogo, mutoto wangu."

"Kidogo tu. Tucheze naye, halafu utamurudisha."

"Hapana, Élisa."

"Minyi njo mukubwa wake. Nitamushika muzuri."

"Minasema hapana."

Maji yakaanza kulia. Hayakulia kwa kelele. Yalilia kama Élisa alivyokuwa akilia akijua amekosa, kwa pumzi zinazokatika, na kilio kikatoka kwenye pipa na kwenye mabeseni na kwenye kila bidoni, na hata kwenye kikombe alichokuwa ameacha dirishani. Kikaendelea mchana ule, na kesho yake, na kesho kutwa. Ferdinand alipokuwa nyumbani kilinyamaza. Alipotoka tu kilianza. Kapinga aliacha kula. Alijaribu kuimba ili asisikie, lakini mdomo wake uliimba nyimbo za Élisa. Siku ya nne sauti haikulia tena, ilikuwa ikinong'ona neno moja, jina la mdogo wake, tena na tena, kwa upole, kama anayemwamsha mtu usingizini.

Mchana wa siku hiyo Kapinga alimwita Jéthro aje kuoga, na mtoto akaja, na yeye akamvua shati, akafungua vifungo kimoja kimoja huku akijiambia kwamba anamwogesha tu, kwamba mama yeyote humwogesha mtoto wake aliyecheza vumbini, akamvua kaptula, akamnyanyua, na badala ya kumweka ndani ya beseni lililokuwa miguuni pake akajikuta amesimama mbele ya pipa, mtoto ameshikwa makwapani, miguu yake midogo ikining'inia juu ya maji, na maji yakipanda yenyewe taratibu kuelekea nyayo zile, bila kumwagika, yamevimba katikati kama kitu kinachonyoosha shingo, na ile harufu ikimjaa kichwani, na sauti, ambayo sasa ilikuwa karibu sana, karibu kama iko ndani ya sikio lake, ikisema mushushe, mama, mushushe, kidogo tu, na mikono yake, mikono yake mwenyewe iliyomlea mtoto huyu, ikaanza kushuka.

Jéthro hakulia. Alimtazama mama yake usoni.

"Mama," alisema, "ule haiko Élisa."

Mikono ikasimama.

"Yaya Élisa," ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, "aliniambia niondoke karibu na mayi. Ile siku. Ule mwenye aliniita ku mafunjo, njo ule." Akanyoosha kidole kidogo chini, kwenye pipa. "Aliniita Jéthro, Jéthro. Minyi niliinama. Yaya alinivuta na shati, alinitupa ku magunia. Halafu yeye njo alianguka."

Kapinga aliruka nyuma kama aliyeguswa na moto. Maji yaliyokuwa yamevimba yakaanguka pipani kwa kishindo, yakatapakaa jikoni kote, na vyombo vyote ndani ya nyumba vikatetemeka.

Ferdinand aliwakuta uani wamekaa mavumbini, mtoto uchi amefungwa ndani ya kitenge, mkewe ameloa mpaka mabegani. Kapinga alimwambia yote. Hakuficha hata nyayo. Ferdinand alisikiliza, kisha akainuka akaingia ndani, na mkewe akasikia viatu vyake vikienda mpaka jikoni na kukoma.

Alikaa muda. Kapinga alipomfuata alimkuta amepiga magoti kwenye mlango wa jikoni, mikono imenyooshwa mbele.

"Ameniita baba," alisema Ferdinand, machozi yakitiririka. "Umusikie. Ananiita baba."

"Simama, baba Élisa."

"Niache kidogo. Anasema anasikia baridi."

"Minajua. Njo vile alianza na minyi. Simama!" Akamshika kola ya shati, yeye mwanamke ambaye hakuwa amekula siku nne, akamburuta mumewe mpaka nje.

Mama Mbuyu alikuwa akiuza samaki wakavu sokoni Kamina. Alizaliwa Kinkondja, na Jumapili aliimba katika kwaya moja na Kapinga. Ferdinand alikuwa na haya, mwalimu kama yeye kwenda kuuliza mambo ya majini kati ya vikapu vya samaki, lakini alikwenda, Jéthro mgongoni. Yule mama aliwasikiliza huku akigeuza samaki wake mmoja mmoja. Walipomaliza alijipangusa mikono.

"Ile ni jini ya mafunjo," alisema kwa sauti ya chini. "Haiko na sauti yake. Inatafuta sauti ya muntu mwenye bantu bake balikataa kumulilia, inaivaa. Mulikataa kilio, si njo vile?"

Kapinga aliinamisha kichwa.

"Ilikuwa inataka huyu mudogo tangu kule. Yaya yake aliikatalia. Sasa imefuata mpaka kwenu kuchukua chakula yake."

"Lakini inajua yote, Mama Mbuyu," Kapinga alinong'ona. "Inajua hata jina ya kuku. Kama iko naye kweli? Kama mutoto wangu iko mule ndani naye?"

Mama Mbuyu alimhudumia mteja mmoja kwanza, kisha akawageukia.

"Sitakudanganya," alisema mwishoni. "Minyi sijui. Hakuna muntu anajua. Minajua tu kama ukiifukuza, sauti nayo itaenda, haitarudi. Na kama hauifukuze, itamukamata huyu."

Aliwaeleza la kufanya. Kesho saa sita kamili, wakati mtu hana kivuli, maji yote yatoke nje, yamwagwe juu ya ardhi kavu. Mama mwenyewe amwage. Aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto amekufa, ataje na mahali. Na kitakachosemwa na maji, asikijibu.

"Itasema mambo mengi. Ile ya mwisho njo itakuwa mubaya kabisa. Usijibu, hata neno moya. Ukijibu, umeikaribisha tena."

Kesho yake Mama Mbuyu alikuja mwenyewe, akakaa nje ya ua na Jéthro mapajani, akimwimbia wimbo wa kanisani. Jua lilisimama juu ya paa. Kapinga akaingia.

Alianza na kikombe cha dirishani. Kikamwambia, "Mama, unafanya nini?" Akakimwaga. Akabeba beseni la kwanza, likamwambia, "Mama, unaniumiza." Akalimwaga. La pili likacheka kicheko cha Élisa cha mashuani, siku ya pili, alipombatiza ndege mmoja mweusi. Alikumbuka kicheko kile, akasimama mlangoni na beseni mikononi, na Ferdinand akaja akasimama nyuma yake bila kuligusa, kifua chake kikagusa mgongo wake tu, mpaka akaweza kutembea. Akalimwaga. Akamwaga bidoni moja baada ya nyingine, na kila moja ikawa na neno lake: nitakuwa na adabu, mama, sitaomba Jéthro tena, mama, niache hata kidogo, niache hata mu kikombe, sitasema, nitanyamaza, utajua tu kama niko. Ardhi ya kiangazi ilikunywa yote, ikaacha madoa meusi yaliyokauka mtu akitazama.

Likabaki pipa. Ferdinand aliruhusiwa kusaidia kulivuta mpaka mlangoni, basi. Kapinga akalishika ukingo. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na ndani yake aliona uso wake mwenyewe, umekonda, na nyuma ya uso ule, chini zaidi, kitu cheupe ambacho hakukitazama.

"Élisa Kabamba," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Mutoto wangu wa kwanza. Ulikufa. Ulikufa ku Kisale, saa sita, juu ya kuvuta mudogo wako."

Pipa likanguruma. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto, wala haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, za wazee na za wachanga, zote zikisema jina la Jéthro kwa pamoja, na harufu ikawa nzito mpaka Ferdinand akatapika, na nje ya ua Mama Mbuyu akapandisha wimbo wake juu zaidi. Kapinga akalisukuma. Likainama, likaegemea, maji yakaruka nje kwa nguvu, yakakimbia uani kama yanayotafuta pa kujificha, yakazama.

Yakabaki kidogo chini kabisa, kiasi cha viganja viwili. Kapinga alipiga magoti kulimalizia. Na kutoka mle, kimya kimya, bila hasira, Élisa akauliza:

"Mama, juu ya nini ulilala?"

Kwa nini alilala: hilo ndilo swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Kila siku alikuwa amelingoja, kutoka kwa Ferdinand, kutoka kwa mama mkwe, kutoka kwa majirani. Alikuwa na jibu lake tayari. Alitaka kusema nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, ulikuwa umelala magotini pangu na nilidhani dunia nzima imetulia; alitaka kusema unisamehe. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Machozi yake yalidondoka ndani ya pipa, na maji yakangoja.

Akaliinamisha. Yakatoka. Hakujibu.

Pale yalipozama hapakuwa na sauti tena, wala harufu; palikuwa na ua wa nyumba tu kwenye kiangazi, na nzi wawili.

Jioni hiyo walitandaza mikeka. Wanawake walikuja, wakakaa, wakalala pale siku tatu, na kwaya ikaimba, ingawa hakukuwa na sanduku wala kaburi. Kapinga alilia kwa sauti kubwa mpaka akapotewa na sauti. Siku ya pili Ferdinand alikuja akaketi kati ya wanawake, jambo ambalo wanaume hawafanyi, akamwambia mkewe mbele ya wote, "Na minyi nilikuwa mbele. Ningalikuwa pale na weye, ningalimushika." Kapinga akauchukua mkono wake, akauweka kwenye paja lake, akaufunika kwa kitenge.

Mwezi wa tisa shule zilifunguliwa. Kapinga alimpeleka Jéthro kumwandikisha darasa la kwanza. Mkurugenzi wa shule alikuwa mama mpya, ametumwa kutoka mji mwingine, hakujua habari za mtu yeyote. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Na batoto ni bangapi ku nyumba?"

Kapinga alimtazama Jéthro. Jéthro, aliyekuwa amesimama pembeni na shati jipya jeupe, akajibu kwa sauti ya mwanafunzi:

"Tuko babili. Yaya yangu alikufa."

Yule mama aliinua macho. Kalamu ilikuwa juu ya kisanduku kidogo chenye nafasi ya tarakimu moja tu. "Pole, mama," alisema. "Niandike ngapi?"

"Andika babili," Kapinga alisema. Akapumua. "Moya iko. Moya haiko."

Mkurugenzi akaandika mbili. Kengele ikalia, na Jéthro akakimbia kwenda kwenye mstari wa wadogo.